Hatari ya Kuchanganya Diski za Matoleo Mbalimbali



Lipo kosa ambalo huanza kwa nia njema kabisa. Mtu anatumia kompyuta yenye mfumo wa Debian, anapungukiwa programu moja, na kabatini inaonekana diski ya Debian ya mwaka mwingine. Anaitia mashineni na kuiamuru kompyuta ichukue humo kinachokosekana.

Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, hutolewa bure, na diski zake hupita mkono kwa mkono. Lakini kila toleo hujengwa kwa vipimo vyake. Toleo la 11, lililotoka Agosti 2021, limesimama juu ya maktaba ya msingi iitwayo glibc, namba 2.31. Toleo la 12, la Juni 2023, linatumia namba 2.36. Karibu kila programu huiegemea maktaba hiyo, na programu iliyoundwa kwa namba ya juu mara nyingi hukataliwa penye namba ya chini.

Kukataliwa huko si balaa, ni kinga. Balaa ni pale kompyuta inapojitolea kusuluhisha. Italeta maktaba mpya kutoka diski ngeni, kisha itaorodhesha programu ambazo haziwezi kukaa nayo, na kuuliza kama iziondoe. Orodha yaweza kuwa ndefu, na mwenye haraka hujibu ndiyo bila kuisoma. Hivyo ndivyo ofisi inavyopoteza programu yake ya kuandikia barua kwa ajili ya mchezo wa chesi! Wapo pia wanaolazimisha kwa nguvu. Nayo maktaba ya msingi ikiharibika, hata amri ya kuorodhesha mafaili haitii tena. Kurudi nyuma nako ni taabu, kwa kuwa Debian haina utaratibu rasmi wa kushusha toleo. Aghalabu hubaki kuusimika mfumo upya, na alama za mitihani zisizo na nakala huenda na maji.

Neno «Debian» lililoandikwa kwa kalamu juu ya diski halithibitishi lolote. Ndani ya diski yenyewe, katika folda ya .disk, mna faili iitwayo info inayotaja toleo na aina ya mashine, kama vile amd64 au i386. Toleo lililomo kompyutani husomwa katika /etc/debian_version. Mawili hayo yalinganishwe kwanza, na kazi za ofisi zinakiliwe pembeni kabla diski haijaingizwa.