Nani Mwenye Jina? Lugha ya Staha katika Habari za Watu Wenye Ulemavu



Mjadala wa kinachoitwa "usahihi wa kisiasa", yaani kukwepa maneno yanayodhalilisha watu, umetoka Marekani. Miaka ya 1970 wanaharakati wa mrengo wa kushoto walikuwa wakitaniana nalo jina hilo, wakimlenga mwenzao aliyeng'ang'ania msimamo wa kundi kupita kiasi. Mwaka 1991, kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Michigan, Rais George H. W. Bush aliuzungumzia kama tishio kwa uhuru wa kusema. Leo ni nadra mtu kujiita hivyo. Ni jina unalobandikwa na mpinzani wako. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe, sisi wahariri na waandishi tutazame kurasa zetu.

Katika vyumba vyetu vya habari nasikia kwamba "mtu mwenye ualbino" ni maneno marefu, ni lugha ya wafadhili, na kwamba msamiati hauzuii mauaji ya watu hao. Hoja hiyo ya mwisho ni nzito. Lakini mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa ya Tanzania tangu miaka ya 2006 na 2007 yalitembea na maneno yake. Ilisemwa kwamba zeruzeru hafi, hutoweka tu. Mtu alipita mtaani akaitwa "dili", au "pesa", mchana kweupe, watoto wakisikia, huku viungo vya mwili wake vikiwa na wanunuzi. Aliyezoeleka kuitwa dili alikwisha kutiwa bei. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba staha ya lugha ni pambo.

Hata hivyo, siungi mkono orodha ya maneno inayoteremshwa kutoka juu. Wasioona wa Tanzania wana Chama cha Wasioona. Neno "kipofu" hawakuliweka kwenye jina lao. Viziwi wana CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na hapo neno ambalo wengi wetu tungelikwepa kwa adabu ndilo walilojiitia wenyewe, watu wenye lugha yao ya alama na jamii yao. Mhariri anayewageuza kuwa "wasiosikia", hata kwa nia njema, amewapokonya jina lao. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, bila kupanga maneno gani yatumike. Naona hapo ilipatia: mwenye jina ndiye wa kuulizwa.

Tena neno zuri linaweza kukaa ndani ya sentensi mbaya. Tunaandika "mtu mwenye ualbino", kisha tunaongeza "anayeugua", ilhali ualbino si ugonjwa wa kuugua. Tunamsifu mbunge kwamba amechaguliwa "licha ya ulemavu wake", na hoja alizowapa wapiga kura hatuzitaji hata moja.

Kuna jambo moja ambalo najua tutalibishania. Shahidi akisema mahakamani kwamba mshtakiwa alimwita marehemu "dili", tuliandike neno hilo kama lilivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu, na tueleze aliyelitamka na mahali alipolitamkia. Wapo wenzetu wanaolibadilisha kuwa "lugha isiyofaa" ili kumwepusha msomaji na karaha. Hapo wanamsitiri mshtakiwa, kwa sababu neno hilo ni sehemu ya ushahidi.