Sikio na Kinanda
Hotuba kwa kwaya na wageni wa Dayosisi, Liparamba



Tangu kinanda cha umeme kilipoingia kanisani, vijana husema kwamba akina mama wa kwaya ya zamani hawashiki noti. Neno hilo ni zito, kwa maana wako walioacha kuimba kwa ajili yake. Naomba tulipime.

Kinanda hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua huhesabiwa senti 100. Hayo ni mapatano ya mafundi, ili mpigaji aweze kuanza wimbo kwenye noti yoyote. Sauti kwa asili yake haikugawanyika hivyo. Sauti mbili ambazo mitetemo yake ni 4 kwa 5 hutulia kabisa zikiimbwa pamoja. Huo ndio mwachano wa “do” na “mi”, nao ni senti 386. Kinanda hutoa 400. Basi waimbaji wanaosikilizana, wasipofuata chombo, waweza kuishusha “mi” kidogo mpaka mtikisiko ule wa sauti ukome. Anayewapima kwa kinanda atasema wameshuka.

Ndugu zetu Wagogo wa Dodoma wameijenga elimu yao ya muziki juu ya mfululizo huo wa sauti za asili, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliusikizisha ulimwengu kwa ilimba yake. Humo imo sauti ya saba, iliyo chini ya noti ya jirani kwenye kinanda kwa senti 31 hivi, karibu theluthi ya hatua. Kwa mazoea ya kinanda ni mbovu. Kwao ndiyo utamu wenyewe.

Tena utamu huo hutegemea malezi. Mwaka 2016 yalichapishwa majibu ya Watsimane wa Bolivia, watu wasio na desturi ya kuimba sauti kadhaa pamoja: sauti zinazopatana na zinazogombana ziliwapendeza sawasawa.

Sisemi kinanda kiondolewe. Hata mimi nilikichangia. Nawaomba walimu wa kwaya kwamba katika ibada ya jubilei ubeti mmoja uimbwe kinanda kikiwa kimya, na akina mama wale waitwe warudi mstari wa mbele.