Je, Mtu Alazimishwe Kupiga Kura?



Imeletwa hoja kwamba mwanachama asiyefika kupiga kura katika mkutano mkuu atozwe faini. Kabla hatujainua mikono, yafaa tutazame mambo ya mataifa yaliyotutangulia katika jambo hili.

Huko Australia, katika uchaguzi wa mwaka 1922, waliopiga kura hawakutimia 60 katika kila watu 100 walioandikishwa. Mwaka 1924 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwalazimisha, na katika uchaguzi wa 1925 wakazidi 91. Faini yenyewe si kubwa. Hata leo, kwa uchaguzi wa nchi nzima, ni dola 20, wala mwenye udhuru wa kweli hatozwi. Uholanzi nayo ilipoifuta sheria ya namna hiyo mwaka 1970, wapigaji walishuka kutoka karibu 95 katika 100 mwaka 1967 hadi 79 mwaka 1971. Basi kwamba sheria huwatoa watu majumbani, hilo halina ubishi.

Wako wasemao kuwa kura ya kulazimishwa si kura. Neno hilo twaliheshimu, ila hatulikubali lote. Kodi nayo hulipwa kwa sheria, na barabara zake twazipita sote. Tena kura ni ya siri: asiyempenda mgombea yeyote aweza kutumbukiza karatasi tupu, na hapana wa kumjua.

Lililotuzuia sisi ni jingine. Serikali ya Australia humdai raia kura, lakini nayo hujitwika mzigo. Uchaguzi hufanywa Jumamosi, mgonjwa na msafiri hupiga kura kwa posta, na maofisa husafiri na masanduku hadi vijiji vya mbali. (Hata hivyo, wenyeji wengi wa asili wa nchi ile waliingoja haki yenyewe ya kura hadi mwaka 1962.)

Na sisi je? Mkutano wetu huitishwa wakati wa mavuno, tena makao makuu. Miongoni mwetu wamo waliotoka kwao alfajiri kwa miguu, wakafika na kukuta kura zimekwisha kuhesabiwa. Huyo ndiye tutakayemtoza?

Kwa hiyo twaomba hoja hii iahirishwe. Kwanza masanduku yapelekwe kwenye vyama vya msingi, mavuno yakiisha, siku isiyo ya soko. Ikiwa hata hapo mwanachama atakaa nyumbani bila udhuru, sisi wenyewe tutaileta tena hoja ya faini.