Maradhi ya Selimundu na Elimu ya Kurekebisha Jeni



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad, napenda leo tuzungumze juu ya maradhi yaliyomo majumbani mwetu, na juu ya elimu mpya ambayo wengine wameisifu kupita kiasi na wengine wameilaani kabla ya kuifahamu.

Maradhi hayo ni selimundu, ambayo wengi huyaita siko seli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa desturi ni laini na za mviringo, hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Asili yake ni kosa moja dogo katika jeni, yaani maagizo ya urithi tuliyoyapokea kwa wazazi. Mtoto huugua anaporithi kosa hilo kwa baba na kwa mama pia. Nalisema hili kwa makusudi, kwani wako wanaume wanaomrudisha mke kwao kwa kuwa amezaa watoto wagonjwa, ilhali nusu ya urithi huo wameutoa wao. Hiyo ni dhuluma.

Wala maradhi haya si laana. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana limeenea penye malaria nyingi, kama pwani yetu na kandokando ya Ziwa Viktoria.

Ama elimu yenyewe, ilianzia kwa bakteria. Viumbe hao hujikinga na virusi kwa kuzikata jeni za adui. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier, Mfaransa, na Jennifer Doudna wa Marekani walieleza jinsi ya kuigeuza silaha hiyo iwe mkasi unaoweza kuelekezwa mahali maalumu katika jeni. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sasa tazameni hekima iliyomo. Mtoto awapo tumboni huwa na hemoglobini ya namna nyingine, isiyoipinda chembe; baada ya kuzaliwa, mwili huifunga. Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, huufungua mlango huo. Mgonjwa hutolewa chembe zake mwenyewe zinazozalisha damu, zikakatwa kwa mkasi ule maabarani, kisha akarudishiwa. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo pasipo shambulio kali la maumivu.

Lakini si tiba nyepesi. Kwanza uboho husafishwa kwa dawa kali, inayoweza hata kuharibu uwezo wa kuzaa. Na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Basi asitokee mtu akauza shamba la urithi kwa sababu ameambiwa kuwa dawa hiyo inapatikana chupani kwa mganga fulani.

Wako wanaouliza: Je, huku si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu? Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1998, liliruhusu elimu ya jeni itumike kuzuia au kutibu maradhi, mradi isilete madhara makubwa zaidi. Na ipo tofauti isiyopasa kusahauliwa. Marekebisho ya chembe za damu hukoma kwa mgonjwa mwenyewe; hayarithiwi na wanawe. Mchina He Jiankui alipotangaza mwaka 2018 kwamba amerekebisha jeni za mabinti pacha kabla hawajapandikizwa tumboni, alitia mkono katika vizazi visivyoweza kuulizwa ridhaa. Mwaka 2019 mahakama ya kwao ilimhukumu kifungo cha miaka 3, na kwa maoni yangu ilistahili.

Kwetu sisi yapo yaliyo karibu zaidi. Mchumba na mchumbiwa na wapime damu kabla mahari haijatajwa, maana wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mgonjwa. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa nayo apelekwe kliniki mapema, apate penisilini ya kumkinga, na mzazi aulizie haidroksiurea. Dawa hiyo humezwa kila siku, nayo huiamsha kwa kiasi hemoglobini ile ile ya tumboni, bila mkasi wala mamilioni ya dola.