Darasa Lililotangulia Wodi: Edna Adan na Pwani ya Wabajuni

Mwaka 2000, mjini Hargeisa, jengo la hospitali lilikuwa bado halijakamilika, lakini mwenye jengo alikwisha kuanza kusomesha. Edna Adan Ismail alikusanya wanafunzi zaidi ya 30 akaanza kuwafunza uuguzi. Hospitali yenyewe ilifunguliwa Machi 2002. Wauguzi, basi, waliizidi umri wodi waliyokuja kuifanyia kazi.

Mhadhara huu umesimama juu ya miaka hiyo miwili. Edna si Mbajuni, wa jamii ya visiwa vya pwani ya kusini mwa Somalia, na Hargeisa iko ncha nyingine kabisa ya ardhi ya Wasomali, mbali na mawimbi ya Kismayo. Hata hivyo, kwa watu wa Koyama, Chovai na Chula, visiwa vya Wabajuni, wanaomvusha mzazi baharini ili apate huduma, hakuna maisha ya muuguzi yenye la kuwafunza zaidi ya haya.

Alizaliwa Hargeisa mwaka 1937. Babake alikuwa tabibu, na binti alikua akimwona akifanya kazi kwa vifaa haba, naye akimsaidia mambo madogo madogo hospitalini. Wakati huo msichana hakuwa na shule ya kwenda mjini kwao, ikabidi asomee Djibouti. Mwaka 1954 akapata nafasi ya masomo Uingereza, akakaa London miaka saba na kurudi akiwa muuguzi na mkunga mwenye cheti. Kwa Wasomali, alikuwa wa kwanza.

Aliporudi, utumishi wa serikali haukuwa na cheo cha mwanamke mwenye ujuzi wake. Alifanya kazi miezi 22 bila mshahara. Jambo hili halifai kupitwa mbio, maana nguvukazi ya uuguzi hufa kwa njia hiyo hiyo hadi leo: msichana anasomeshwa, anafuzu, kisha nafasi ya kazi haipo, au ipo na mshahara haufiki. Edna alivumilia. Wengi hawawezi, na si haki kuwataka waweze.

Baadaye aliingia Shirika la Afya Duniani, akashughulikia mafunzo ya wauguzi na wakunga, kisha afya ya mama na mtoto, hadi akawa mwakilishi wa shirika hilo Djibouti kuanzia 1991 hadi 1997. Tangu 1976 alikuwa akisema hadharani dhidi ya ukeketaji, wakati ambapo kulitaja jambo hilo mbele za watu kulikuwa aibu. Angestaafu kwa raha. Badala yake aliuza gari lake na vito vyake, akatia na mafao yake ya uzeeni, akajenga mahali palipokuwa jalala la mji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimewaua au kuwatawanya wauguzi wa nchi, naye akaona kuwa kuta bila mikono iliyofunzwa zingebaki kuwa kuta. Mwaka 2023 alitunukiwa Tuzo ya Templeton.

Sasa tushuke kusini. Kutoka Kismayo hadi Ras Kamboni visiwa vimejipanga kando ya pwani, na ng'ambo ya mpaka, Kiunga na Kizingitini, ni watu wale wale na Kibajuni kile kile. Vita vya 1991 viliwamwaga nje ya visiwa hivyo. Wengi walivukia Kenya kwa majahazi wakaishi kambini Mombasa na Malindi. Waliosalia au kurejea waliukuta mji wa Kismayo ukipita mkono hata mkono: wanamgambo wa Al-Shabaab waliushika Agosti 2008, wakauachia mwaka 2012. Hospitali Kuu ya Kismayo ilipata msaada wa Msalaba Mwekundu. Lakini hospitali ya mjini ni ya aliyeweza kuifikia. Kusi ikishika, bahari huchafuka, na uchungu wa uzazi haungoji upepo utulie.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria vifo 692 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Somalia. Uliona pia kuwa takriban mzazi mmoja kati ya watatu ndiye aliyehudumiwa na mtu mwenye mafunzo.

Kinachowaua wengi ni damu. Mtoto ametoka, kondo la nyuma limetoka, jamaa wanashukuru Mungu, na damu bado inashuka taratibu kwenye leso iliyotandikwa chini ya mama. Leso hunywa damu. Nguo iliyolowa haisemi imekunywa kiasi gani, na hata jicho la mhudumu mzoefu hukadiria chini ya kiasi halisi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mzazi aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na damu ilipofika kiwango cha hatari wahudumu walifanya yote kwa pamoja: kukanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, dawa, maji ya mshipani, na kutazama chanzo cha damu. Kutokwa na damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Mfuko ni plastiki tu. Kilichookoa ni muuguzi aliyefunzwa kuusoma na kutosubiri.

Ujuzi kama huo unaweza kuingia kisiwani. Oksitosini hutaka jokofu, lakini vidonge vya misoprostoli havitaki, na mikono ya kukanda tumbo haihitaji umeme. Kinachokosekana ni mwenye mikono hiyo, aliyelala kisiwani usiku ule.

Edna alilielewa hili alipoweka lengo la kufunza wakunga 1,000 wa jamii, wasichana wanaotoka vijijini na kurudi huko huko kuzalisha. Kwa Wabajuni kuna sababu ya ziada nayo ni lugha. Wodi za Kismayo zinazungumza Kisomali, na mama wa Chovai anayeeleza maumivu kwa Kibajuni huweza kueleweka nusu. Mkunga aliyezaliwa pale haulizi mara mbili. Anamjua pia bibi mkunga wa kijadi, anajua namna ya kumwamkia na kumwomba amwite mapema kabla mambo hayajaharibika. Mgeni, hata awe na shahada, ataanza kwa kutafuta mkalimani.

Wapo watakaosema tungoje zahanati ijengwe kwanza. Hargeisa haikungoja. Darasa la kwanza la visiwa hivi linaweza kuanza Kismayo na wasichana sita, wawili kutoka kila kisiwa kikubwa: mwanasesere wa kufundishia kuzalisha, mifuko ya kupimia damu, mwalimu mmoja anayesikia Kibajuni, zamu za usiku katika wodi ya wazazi, barua ya ajira yenye mshahara iliyoandikwa kabla ya siku ya kuhitimu, na nauli ya mashua ya kuwarudisha makwao kabla kusi haijaanza.