Nauli ya Treni ni Haki ya Nani?

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi mjini Kisii baada ya swala ya Alasiri, katika kumi la pili la Ramadhan. Yameandikwa hapa kama yalivyosemwa, kwa kufupishwa kidogo.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe uliyeketi hapa na wewe utakayesoma nyumbani: najua utashangaa. Maalim amekosa la kusema? Huku kwetu Kisii na Nyamira hakuna reli hata futi moja. Reli iliyojengwa na Waingereza ilifika Kisumu mwezi wa Disemba 1901 ikaishia pale ziwani, na mpaka leo mtu wa Keroka au wa Kebirigo akitaka kuiona reli, inambidi apande matatu kwanza. Sasa habari ya kupanda treni bila tikiti inatuhusu nini?

Inatuhusu, na nitakwambia kwa nini. Vijana wetu wanasoma Mombasa, wengine madrasa, wengine chuo kikuu. Idd ikikaribia wanarudi, na wengi hupita Nairobi kwa treni ya Madaraka Express, ile iliyoanza kubeba abiria mwisho wa Mei 2017. Wengine wamevuka bahari, wako Marekani, Uingereza, Ujerumani. Na humo humo ndimo ninamosikia vijana wakisimuliana, tena kwa kicheko: "Mimi nilinunua tikiti ya kushuka Emali, nikalala usingizi mpaka Mombasa." Mwingine: "Mimi niliongea na yule jamaa wa tikiti, nikampa nusu, tukamalizana." Mwingine amesafiri kwa tikiti na kitambulisho cha binamu yake kwa kuwa wanafanana. Watu wanacheka, na mwenye kusimulia amefunga swaumu!

Hebu tuitazame sawasawa. Katika fiqhi yetu, kupanda chombo kwa nauli ni ijara. Yaani umekodi nafasi, kwa bei inayojulikana, kutoka mahali fulani mpaka mahali fulani. Ukikaa kwenye kiti kupita pale ulipolipia, umetumia mali ya mtu bila idhini yake, na unadaiwa ujira wake. Hata kama kiti kilikuwa kitupu. Wengi hujitetea na hilo: "Kiti kingekwenda kitupu, nimemdhulumu nani?" Basi na nyumba ya mtu ikiwa tupu utaingia ulale humo mwezi mzima, mwenyewe akija umwambie haikuwa na mpangaji?

Na yule aliyempa mkaguzi nusu ya nauli mkononi, bila risiti? Huyo ana makosa mawili. Ametoa hongo, na deni bado liko pale pale. Mkaguzi ni wakili tu wa shirika. Hana ruhusa ya kupunguza bei iliyoandikwa, na pesa iliyoingia mfukoni mwake haikumfikia mwenye haki. Wala msilinganishe na matatu. Makanga wa gari ya Kisii–Nyamira ukimwambia una pungufu akakubali, hayo ni mapatano, na wenye magari wanajua desturi hiyo ya stendi. Lakini kuruka kwenye bampu bila kulipa, makanga akiwa anagombana na abiria wa nyuma, hayo si mapatano. Huo ni wizi wa mchana.

Sasa nauli ya treni ni haki ya nani? Kijana atakujibu: "Ni ya Wachina." Au: "Ni ya serikali, na serikali yenyewe ni wezi." Haya, tusikilize hesabu. Reli ya Mombasa mpaka Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mkopo haulipwi na Mchina. Mapato ya reli peke yake hayajatosha kuulipa, kwa hivyo inaingia pesa ya umma. Na tangu mwaka 2013 upo ushuru wa maendeleo ya reli, unaotozwa bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini. Yule nyanya wa Ikonge ambaye hajawahi kuona treni maishani mwake, aliponunua tochi iliyotoka ng'ambo, uwezekano mkubwa aliilipia reli humo ndani ya bei. Mama yako anayeuza ndizi hapa sokoni, simu yake ile ndogo, ndiyo hivyo hivyo. Wewe unayelala usingizi wa kujisingizia kupita Emali, unakula jasho la nyanya huyo. Tena yeye hata hajui kama umemla, atakusamehe vipi?

Hapo ndipo pana uzito wa jambo lenyewe. Ukimdhulumu Juma shilingi mia, unamwendea Juma, unampa, unamwomba radhi. Mali ya umma ina wenyewe mamilioni. Utawagongea mlango mmoja mmoja?

Ndiyo maana Mtume (S.A.W) alilikazia sana jambo hili. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtumishi aliyekuwa akimhudumia Mtume mwenyewe, ambaye baada ya vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, alipigwa na mshale akafa akiwa anashusha mizigo. Watu wakamwonea fahari kwa kuwa amekufa shahidi. Mtume akawaambia sivyo, kwani shuka aliyoichukua katika ngawira ya Khaybar kabla haijagawanywa inawaka moto juu yake. Shuka tu! Na waliposikia hivyo, mtu mmoja akaja mbio na ukanda wa kiatu, akaurudisha. Naye akaambiwa kwamba hata ukanda ule ungekuwa wa moto. Hakuuliza, "Mbona wakubwa wamechukua ngamia?" Alirudisha kilichokuwa mkononi mwake.

Nasema hivi kwa sababu najua jibu la vijana. Mnanitajia kesi ya Novemba 2018, pale Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilipowakamata wafanyakazi saba wa reli mpya, Wachina watatu na Wakenya wanne, kwa tuhuma za njama ya pesa za tikiti katika kituo cha Mombasa. Ni kweli walikamatwa. Lakini tuhuma zao zinakuhalalishia nini wewe? Kama kweli mali ya nyanya wa Ikonge iliibwa mara moja, ndiyo sababu ya kumwibia mara ya pili?

Tuje kwa wazazi, maana msidhani nimekuja kuwasema vijana peke yao. Katika Madaraka Express mtoto chini ya miaka 3 hasafiri kwa nauli, na wa miaka 3 mpaka 11 hulipa nusu. Baba ana mtoto wa miaka 12 na kitu. Anamwambia, "Ukiulizwa, sema una kumi." Mtoto anamtazama baba yake. Mtoto huyo huyo ulimwamsha daku juzi ukamfundisha kwamba hata akijificha chooni akanywa maji, Mwenyezi Mungu anamwona! Sasa kwenye lango la stesheni Mwenyezi Mungu amekwenda wapi? Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida, Nairobi mpaka Mombasa, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Naelewa, familia ya watu sita ni pesa nyingi. Lakini kwa kuokoa shilingi 750 umemuuzia mtoto somo ambalo hutaweza kulinunua tena.

Na dunia nayo ina adhabu zake. Hapa kwetu, kusafiri kwa treni kwa nia ya kukwepa nauli ni kosa la jinai chini ya sheria ya Shirika la Reli, Sura ya 397. Kwenye Madaraka Express tikiti ina jina, na lazima lilingane na kitambulisho, kwa hivyo mwenye tikiti ya binamu akigunduliwa huachwa nje na mizigo yake, na binamu naye ana la kujibu.

Lakini hasa nataka kusema na nyinyi mnaojiandaa kwenda ng'ambo, maana huko ndiko wengi hunaswa. Tangu Kenya itie saini mkataba wa kazi na Ujerumani mwezi wa Septemba 2024, naona vijana wengi hapa wanasoma Kijerumani. Vizuri, Mwenyezi Mungu awafungulie. Jueni kwamba stesheni nyingi kule hazina lango wala mlinzi. Unaingia tu, unakaa. Mgeni hudhani ni bure au hakuna anayejali. Halafu anasimama mtu aliyevaa nguo za kawaida, anatoa kitambulisho, anaomba tikiti. Huna? Ni euro 60 hapo hapo. Na katika miji mingi tikiti ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Usipoigonga ni kama huna, na "sikujua" haikusaidii. Ile tikiti ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023 ina jina la mwenyewe, haiazimwi rafiki. Na ikithibitika ulikusudia, kifungu 265a cha sheria yao ya jinai kinaruhusu faini au kifungo cha mpaka mwaka 1. Wapo wanaoingia jela kweli, kwa kushindwa kulipa faini ya nauli.

Kule Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wetu wamejaa mpaka mtu anaweza kuishi kwa Ekegusii, treni za mjini nazo hazina malango. Mpaka mwaka 2023 kupanda bila kulipa kulikuwa kosa la jinai, na faini yake ilifika dola 180. Mwaka huo sheria ikalegezwa, sasa ni adhabu ya kiofisi inayoanzia dola 35. Mtu atasema, dola 35 si kitu. Lakini fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Unataka ujaze nini hapo?

Na Uingereza, sikilizeni kisa hiki. Mkurugenzi mmoja wa kampuni kubwa ya uwekezaji jijini London alikuwa akipanda treni kituo cha shamba kisicho na lango. Akifika mjini anagusisha kadi yake na kulipa pauni 7 na senti 20, badala ya pauni 21 na nusu. Siku moja akanaswa. Akarudisha pauni 42,550 za nauli. Hakushtakiwa mahakamani, ila Disemba 2014 mamlaka ya fedha ya nchi ile ilimpiga marufuku ya maisha kufanya kazi katika sekta ile. Mtu mwenye mshahara ambao mimi na wewe hatuwezi hata kuuhesabu! Hakuwa na njaa. Alizoea tu. (Kwa haki niseme pia: Agosti 2024 hakimu mkuu kule alifuta hukumu zaidi ya 74,000 za nauli, kwa kuwa makampuni ya treni yalitumia utaratibu wa mashtaka usioruhusiwa. Shirika nalo hufungwa na sheria. Lakini hakusema nauli si deni.)

Niliulizwa swali kabla ya swala: je, aliyesafiri bila tikiti, funga yake imebatilika? Na anaruhusiwa kula na kupunguza swala kama msafiri? Jibu: funga haibatiliki kwa wizi, ila thawabu zake ziko hatarini, na mnaijua hadithi ya yule muflisi atakayekuja na swala na swaumu, kisha wadai wake wakagawiwa mema yake yote. Ama ruhusa ya safari, wanazuoni wa Kishafi wametofautisha kati ya mtu ambaye safari yenyewe ni ya maasi, huyo hana ruhusa, na mtu ambaye safari yake ni halali akaasi akiwa njiani, huyo anayo. Kwa hivyo mwanafunzi anayerudi nyumbani anaweza kupunguza swala. Nauli hapunguzi!

Je, aliyekwisha kufanya afanye nini? Toba peke yake haitoshi katika haki za watu, lazima kurudisha. Unadaiwa nauli ya siku ile uliyosafiri, si ya leo. Kama ni treni ya umma, njia nyepesi ni kununua tikiti ya thamani hiyo hiyo na usiipande. Pesa itaingia pale pale ilipokosekana. Ila chagua siku isiyo na watu. Usije ukakata tikiti wiki ya Idd, kiti kikaenda kitupu na mtu mwenye haja akakosa nafasi, ukawa umelipa dhuluma kwa dhuluma. Uliyepita Emali, nunua tofauti yake. Na mwenye deni la matatu asiyemjua tena mwenye gari, baada ya kutafuta, atoe sadaka kwa niaba yake, akikusudia kumlipa siku atakapoonekana.

Lakini wengi wenu mnamjua. Stendi iko hapo chini, gari za Nyamira bado zinapakia, na mpaka futari tuna kama saa moja na nusu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.