Shoti ya keshia



Jioni hii, katika supamaketi nyingi za nchi yetu ya Kenya, makeshia watafunga kaunta zao, wahesabu noti na sarafu, walinganishe na hesabu ya mashine, na baadhi yao wataambiwa wana shoti. Shilingi 300. Shilingi 700. Pengine elfu na kitu. Kiasi hicho kitaandikwa daftarini na mwisho wa mwezi kitakatwa kwenye mshahara. Na yako maduka ambayo, baada ya kuhesabu mali yote, thamani ya kila kisichoonekana hugawiwa wafanyakazi wote wa idara, hata aliyekuwa likizoni, hata aliyeajiriwa wiki iliyopita.

Leo nataka kuzungumza juu ya wizi wa madukani, na hasa juu ya mtu anayeulipia.

Kwanza niseme wazi kwamba wenye maduka hawalii bure. Biashara ya rejareja huishi kwa faida nyembamba. Tuseme bidhaa ya shilingi 100 inamwachia mwenye duka shilingi tano baada ya kuinunua. Ikiibwa moja, amepoteza shilingi 95 alizoilipia, na itambidi auze nyingine 19 ili arudi pale alipokuwa, kabla hata hajafikiria kodi ya nyumba, umeme na mishahara. Na gharama hizo zimepanda. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ya magari ilitolewa asilimia 8 ikapelekwa 16, na lori la mizigo halina njia ya kumficha mnunuzi ongezeko hilo. Mwajiri anatoa asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mfanyakazi naye anakatwa 1.5. Michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni, NSSF, imepanda hatua kwa hatua tangu 2023. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, na aliyekuwa ameagiza bidhaa nje kwa mkopo aliumia. Kisha Juni na Julai 2025 maandamano ya kuipinga serikali yalipoingiliwa na waporaji, wafanyabiashara wa Nairobi na miji mingine walikuta milango imevunjwa na rafu ziko tupu. Bima ya wizi kwa kawaida haifidii ghasia za kisiasa. Hiyo ni bima nyingine, na ina malipo yake.

Mnunuzi naye amebanwa. Katikati ya 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, serikali ikaingiza ruzuku ya wiki chache kuishusha hadi 100. Mwaka uliofuata kilo ya sukari ikapita 200. Mwenye watoto watatu anajua maana ya bei hizo. Watu wengi sana walivumilia, wakahamia kununua kadogo kadogo, mafuta ya kupima, majani ya chai ya shilingi kumi. Wachache waliiba. Na wengine wanaoiba hawana njaa yoyote: huja wawili watatu, mmoja akamshughulisha mhudumu kwa maswali, mwenzake akajaza mkoba pombe kali na manukato, vitu vidogo vya bei kubwa vinavyouzika upesi mtaani. Hao ni wezi wa kazi, na polisi wana wajibu wa kuwafuata.

Lakini tuulize hasara hiyo inakwenda wapi. Haikai kwa mwenye duka peke yake. Inasukumwa, na kila inaposukumwa inaelekea kwa aliye mnyonge zaidi, mpaka inamfikia mtu asiye na wa kumsukumia. Huyo ndiye keshia, ndiye mpanga rafu, ndiye bawabu wa mlangoni mwenye mkataba wa miezi mitatu.

Na kile kinachoitwa wizi mara nyingi hata si wizi. Mkate umepita tarehe. Trei ya mayai imepasuka wakati wa kushusha. Panya wameingia stoo. Nyama imepungua uzito kwenye friji baada ya stima kupotea usiku. Bei ya rafuni haifanani na ya kwenye mashine, na keshia amemuuzia mteja kwa ile ya chini. Mteja amelipa kwa M-Pesa, akaonyesha ujumbe uliotungwa, au amelipa kweli kisha akaomba pesa zirudishwe akiwa ameshafika kituo cha matatu. Yote hayo, siku ya kuhesabu mali, yanakuwa namba moja: pungufu. Namba hiyo haina jina la mtu wala sababu, lakini inapofika kwenye mshahara inapata jina.

Sheria yetu hairuhusu hivyo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata fidia ya mali iliyopotea au kuharibika pale tu hasara ilipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi huyo. Pesa zikipungua kwenye kaunta, anaweza kukata ikiwa upungufu umetokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu, tena wa mtu ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Kumkata mpanga rafu kwa sababu mteja asiyejulikana ametoka na deodoranti hakumo humo. Kuwakata watu 12 kwa kosa la mmoja asiyepatikana hakumo humo. Na Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini.

Majirani zetu Tanzania wamekwenda mbali zaidi kuliko sisi. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sisi sheria yetu inaruhusu makato yote kwa jumla kufika theluthi mbili. Theluthi mbili, wasikilizaji! Mtu wa mshahara wa supamaketi akibakiwa na theluthi moja, hana nauli ya kumrudisha kazini Jumatatu. Bunge likiwa na nia, lichukue utaratibu wa Tanzania neno kwa neno.

Wapo watakaosema kwamba wafanyakazi nao huiba. Ni kweli, wapo. Keshia anaweza kupitisha vitu viwili kwa rafiki yake na kusoma kimoja. Mtu wa stoo anaweza kupokea katoni 80 na kutia sahihi 100, tofauti akagawana na dereva. Wizi wa aina hiyo ni mzito kuliko wa maziwa ya mfukoni, na sheria inaujua: wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka mitatu, lakini mwajiriwa anayemwibia mwajiri anaweza kufungwa hadi saba. Basi apatikane, ashtakiwe, athibitishiwe. Kuwakata wote hakumpati. Kunampa kivuli cha kujifichia, maana deni lake linalipwa na wenzake. Na yule mwaminifu, akikatwa miezi minne mfululizo kwa vitu asivyovigusa, ana sababu gani ya kumkimbilia meneja anapoona jambo?

Tukumbuke supamaketi za Nakumatt. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 hapa, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilianguka ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Mali ya mabilioni iliyokuwa vitabuni haikupatikana kwenye rafu wala stoo. Hakuna mama aliyeingia na kikapu akatoka na mabilioni. Milango ya mbele ilikuwa na mabawabu, risiti zikigongwa muhuri, mifuko ikikaguliwa. Na duka lilipozama, waliopoteza kwanza ni makeshia wale wale waliokuwa wakilipa shoti, pamoja na wakulima na viwanda vidogo vilivyopeleka mboga, maziwa na sabuni visilipwe.

Hao waleta bidhaa nao wanasukumiwa. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour hapa nchini faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya waleta bidhaa wawili, na kampuni hiyo ikakata rufaa. Uzito wa faini ulionyesha kwamba mnunuzi mkubwa anaweza kuguswa. Ninachokitamani ni kuona ofisi ya leba ikimwendea mwajiri mkubwa kwa ujasiri kama huo, kwa ajili ya keshia.

Kwa mteja aliyeshikwa, maduka yetu yana tabia moja inayoniuma sana: kumweka mtu chumba cha nyuma, kumpiga picha akiwa ameshika pakiti ya nepi, na kuibandika mlangoni au kuitupa mtandaoni. Huyo hajafikishwa mbele ya hakimu. Pengine alisahau, pengine aliiba. Ana watoto watakaoiona picha ile shuleni. Kwa kesi ndogo kama hizi tuna Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii tangu 1998: kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka mitatu laweza kulipiwa kwa kufagia soko au kusafisha hospitali badala ya jela. Wizi wa dukani unaingia hapo sawasawa. Jela kwa mtu wa pakiti moja humgharimu mlipa kodi chakula na ulinzi, na bidhaa hairudi.

Wenye maduka wataniuliza wafanye nini. Anayeagiza bidhaa asiwe ndiye anayepokea, wala anayepokea asiwe ndiye anayeidhinisha malipo ya ankara. Kamera moja itolewe kwenye rafu za biskuti ipelekwe mahali malori yanaposhushia. Vitu vya bei kubwa vihesabiwe kila asubuhi, visingoje miezi mitatu, ili pungufu ya jana iulizwe leo wakati watu bado wanakumbuka. Vilivyoharibika viandikwe kando, visichanganywe na vilivyoibwa. Na rafuni wawepo watu wa kutosha. Ni rahisi kuwapunguza gharama zikipanda, lakini mhudumu anayemsalimu kila anayeingia humzuia mwizi kuliko kamera isiyotazamwa na mtu. England na Wales zina kamera kila kona, na bado polisi waliandikisha zaidi ya visa 530,000 vya wizi wa madukani katika mwaka ulioishia Machi 2025.

Mwenye duka la mtaani, aliyeketi nyuma ya wavu wa chuma na daftari la madeni, simsahau. Yeye hana wa kumkata. Anachohitaji ni malipo ya simu yasiyorudishwa kabla hajaulizwa, na kituo cha polisi kinachoandika taarifa yake bila kumtoza kitu kidogo.

Kwako keshia unayesikiliza ukiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani: kwa kawaida mwajiri anatakiwa kukupa maandishi ya mshahara yanayoonyesha kila kilichokatwa na sababu yake. Kama hujapewa, yaombe. Yatunze yote, na andika kwenye daftari lako tarehe ya kila shoti na ulivyoelezwa. Ukikatwa bila kosa lako, nenda ofisi ya leba ya kaunti yako, malalamiko hupokelewa bure. Mara nyingi una miaka mitatu ya kudai tangu siku ya makato, na unaweza kwenda pamoja na wenzako mliokatwa nao.